Ua la Kifabakazi Juu ya Paja

Thika imejulikana mbali kwa miti yake ya maua ya moto tangu Elspeth Huxley alipoitaja katika jina la kitabu chake mwaka 1959, na miongoni mwa miti ya namna hiyo hakuna unipendezao kuliko kifabakazi, ambao ua lake lina tabia moja iwezayo kumwadhibu mchoraji asiyeijua: wekundu wake haukatiki ghafula, bali hupungua kidogo kidogo kuelekea ukingoni, ukapita katika rangi ya chungwa, hata ukaishia katika uzi mwembamba wa manjano uliokunjamana mithili ya pindo la leso. Ua hilo nimelichora mara tatu kwa sindano ya tatuu juu ya paja langu la kushoto, chumbani mwangu Ruiru, katika muda wa miezi saba. Nami nakusudia kueleza hapa kwa nini la kwanza liligeuka doa, la pili likawa nusu ya ua, na la tatu likatokea kuwa ua.

Kutia alama katika ngozi si jambo geni kwetu, maana Wamakonde walikata nembo usoni na kifuani wakazisugua kwa mkaa, na wanawake wa pwani hata leo hujipamba kwa hina na piko. Lakini alama hizo zote, pamoja na uzuri wake, aghalabu ni za rangi moja, ilhali kuikoza rangi upande mmoja na kuififiza upande wa pili, ndani ya ngozi iliyo hai, ni ustadi mwingine, ufanywao leo zaidi kwa mashine ya umeme, ambayo Samuel O'Reilly wa New York aliipatia hataza mwaka 1891 kwa kuigeuza kalamu ya umeme ya Edison. Najua pia kwamba wapo wengi ambao dini yao imewakataza tatuu, nami naiheshimu imani yao; maneno yangu yanawaelekea wale waliokwisha kuichagua kazi hii na wanaotaka kuifanya kwa insafu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtu ajichome mwenyewe, hali ngozi ya nguruwe hupatikana buchani kwa bei nafuu na ngozi ya bandia huuzwa pamoja na mashine. Jibu langu ni kwamba ngozi hizo mbili, ijapokuwa nilizitumia kwa muda mrefu kabla ya kujigusa, na ijapokuwa ni dhuluma kwa mwanafunzi kuziruka, hazina jambo moja ambalo ndilo kiini cha kazi yote: haziponi. Juu ya ngozi ya bandia kila rangi hubaki ilivyowekwa, na mwanafunzi hujiona fundi. Juu ya paja lake mwenyewe ataiona rangi ile ile ikivimba, ikifanya gamba, ikibambuka na kupauka, naye hawezi kuikimbia, maana huamka nayo kila siku. Lakini kujichora mwenyewe kuna masharti yake. Mwenye tabia ya kuota keloidi, ambazo huwapata watu weusi zaidi kuliko wengine, asijaribu kabisa, sindano iwe ya kutumika mara moja, itokayo katika pakiti iliyofungwa, na ikitoka mwilini itupwe katika chombo kigumu, glavu zivaliwe, na rangi imiminwe katika vikombe vidogo ambavyo mabaki yake hayarudi chupani. Virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI havina habari kwamba mtu alikuwa akijifunza tu.

Ua la kwanza lilipokamilika lilinipendeza mno, na hapo ndipo nilipodanganyika. Rangi mbichi hudanganya, kwa sababu siku hiyo nyingine imekaa juu juu, nyingine imechanganyika na damu, na ngozi yote inang'aa kwa mafuta. Wiki ya pili magamba yalianza kutoka, mengine mazito kama ya kidonda cha kuanguka, na wiki ya nne nilibaki na umbo ambalo katikati lilikuwa jekundu lenye mabaka, kando lina rangi ya kutu, na manjano yake hayakuonekana kabisa, kana kwamba sikuyatia.

Sababu ya manjano kupotea niliifahamu kibandani, karibu na stendi ya Ruiru, siku moja nilipowekewa glasi ya strungi, chai isiyo na maziwa, juu ya kitambaa cha meza chenye maua, nikatazama chini kupitia chai. Maua mekundu yalionekana mekundu yaliyoiva zaidi. Ya buluu yalitiwa giza. Ya manjano yaligeuka rangi ya chai yenyewe, na yale meupe nayo vivyo hivyo. Ngozi yetu hufanya kazi kama glasi ile. Wino wa tatuu hukaa katika tabaka la pili la ngozi, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi, na melanini, ambayo ndiyo weusi wetu, hukaa katika tabaka la juu. Basi kila tuionapo rangi tunaiona kupitia pazia la kahawia. Mpakaji rangi wa matatu huanza na bati alilokwisha kulisawazisha kwa rangi ya msingi, akaweka nyekundu yake juu, na kila ajaye akaiona jinsi alivyoiweka. Mchora tatuu wa watu weusi ni kama mpakaji ambaye, baada ya kumaliza, gari lake lote litapigwa vanishi ya kahawia, naye sharti aihesabu vanishi hiyo tangu mwanzo.

Lakini melanini haikuwa na hatia peke yake. Nilikuwa nimeanza na manjano, kisha chungwa, kisha nyekundu, nikidhani kwamba rangi hafifu ndiyo itangulie kama mtoto anavyopaka kwa penseli. Kumbe kila nilipofuta nyekundu kwa tishu, nilikuwa naipitisha juu ya vitundu vya manjano ambavyo bado viko wazi, ikaingia humo na kuyachafua. Utaratibu ulio sahihi ni kinyume chake: rangi nzito itangulie, nyepesi ifuate mwisho, sindano ioshwe vizuri baina ya rangi na rangi, na tishu iguse na kunyanyuka, ikielekea upande wa rangi nzito, wala isikokotwe juu ya nyepesi. Fauka ya hayo, nilipoona mahali hapajajaa nilirudia, nikarudia tena, mpaka ngozi ikachanika. Na ngozi iliyochanika hutoa gamba nene, na gamba likianguka huchukua rangi.

Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, nchini Ufaransa, walionyesha katika panya kwamba rangi ya tatuu hushikwa na seli za ngozi zilazo vitu vigeni, na kwamba seli hizo zikifa huiachilia rangi, nayo ikamezwa na nyingine zijazo badala yake. Mimi nimelitafakari sana jambo hilo, kwa kuwa linanionyesha kwamba kazi ya sindano ni kuifikisha rangi pale seli hizo zilipo, basi: isipofika itabambuka na tabaka la juu, na ikizidi kina itasambaa chini kama wino juu ya karatasi iliyolowa.

Kwa ua la pili niliyaacha mambo yote ya rangi nikashughulika na mkono. Ngozi isiyokazwa hurukaruka chini ya sindano na kuipokea rangi hapa na kuikataa pale, na ndiyo chanzo cha mabaka. Na taabu ya ajichoraye ni kwamba mkono mmoja umeshika mashine, umebaki mmoja wa kuvuta, ilhali fundi achoraye mtu mwingine huweza kumwomba mteja ageuke au asaidie. Nilikaa kitini, nikakunja goti ili ngozi ya juu ya paja ijikaze yenyewe, nikavuta kwa vidole vitatu vya kushoto kuelekea kwangu, na kwa ukingo wa kiganja cha kulia, kilichoshika mashine, nikasukuma kuelekea gotini. Niliacha sindano ya duara ya kuchorea mistari, ambayo katika ua la kwanza niliilazimisha kujaza petali, nikachukua zile zilizopangwa bapa kama brashi, ambazo mafundi huziita magnamu, za aina iliyopinda ukingoni isiyokata ngozi kwa pembe zake. Penye wekundu uliokolea nilizungusha mkono kwa viduara vidogo, polepole. Penye kufifia nilipiga kama apigaye mjeledi, yaani mkono uanze ukiwa chini na kuondoka ukinyanyuka, hata vitone vya mwisho vikaachana kama nyayo za ndege anayekimbia ili aruke. Upande wa nje wa paja ulipona laini, hauna baka. Upande wa ndani, ambako vidole vyangu havikufika vizuri, ulipona kwa mawimbi. Na baina ya nyekundu na chungwa palibaki mstari kama mpaka wa shamba, kwa kuwa nilizipanga rangi hizo zikagusana tu pasipo kuingiliana.

Kabla ya ua la tatu nilitia vitone kumi juu kidogo ya goti, kila kimoja kadiri ya punje ya dengu: nyekundu mbili, machungwa mbili, manjano nne, nyeupe na zambarau iliyokolea, nikaviacha wiki sita. Nyekundu nilizitazama kwa hadhari kuliko zote, maana ndiyo rangi ambayo mara nyingi huwasha na kuvimbisha ngozi za watu, lakini zilinyamaza. Nyeupe ikawa kama kovu la ndui. Manjano tatu za limau zilizama, bali ile ya nne, nzito ya rangi ya kiini cha yai la kienyeji, ilibaki, ikaonekana kama asali. Basi nikaichukua hiyo.

Nilianza chini ya kikonyo kwa zambarau nzito, nikaja na nyekundu ambayo niliiachia ukingo wa vitone vilivyotawanyika, kisha rangi ya chungwa nikaianzisha nyuma ya ukingo huo, theluthi nzima ndani ya nyekundu, ili vitone vya rangi mbili vikae pamoja na jicho livichanganye lenyewe. Na mbele ya chungwa niliacha utepe wa ngozi tupu, upana wa ncha ya kalamu, ndipo nikatia ile asali ya mwisho. Utepe huo ndio nilioujutia kwa kuchelewa kuujua. Ngozi tupu ya mtu mweusi ni rangi iliyokwisha kutengenezwa, yenye joto, ambayo katika ua jekundu hukaa mahali pa kivuli cha kati bila kuombwa, na kwa kuwa ni nyeusi kuliko manjano huyafanya manjano yatokeze. Mimi katika maua mawili ya mwanzo niliifunika yote, nikidhani kwamba pasipotiwa wino hapajakamilika. Kila mahali nilipita mara mbili tu, na palipokataa nilipaacha.

Leo ua hilo lina siku sabini. Jua la saa tisa likiingia dirishani, pindo lake la manjano huonekana kutoka mlangoni, na wekundu hushuka hadi ukingoni bila mpaka. Petali ya nne peke yake, ile iliyo upande wa ndani wa paja ambako vidole havivuti sawasawa, ina ufa wa kahawia upana wa punje ya mchele. Nimekwisha kupapitia mara mbili pale, sindano haitarudi.