Kileleni mwa Mruko

Mtu aliyeketi jukwaani ataapa kwamba ukumbi una mwanga wa kutosha. Mpira anauona, namba za mgongoni anazisoma, hata jasho la mchezaji analiona. Jicho ni karimu. Hulizoea giza bila kumwambia mwenyewe. Kamera haina ukarimu huo. Mpe mpiga picha mechi ya mpira wa wavu kwenye ukumbi ambao nusu ya taa zake zimeungua, na hesabu inaanza hapo hapo: lenzi aifungue hadi f/2.8, ISO aipandishe mpaka 6400, na bado kasi ya shata inagomea kwenye 1/250 ya sekunde. Mkono unaopiga smashi hauisubiri kasi hiyo. Unatoka kama moshi.

Flashi? Wachezaji hawaitaki, na wana haki. Anayepokea sevu kali akipigwa mwanga wa ghafla machoni, pointi imekwenda.

Hapo ndipo ninapoipendea kazi hii. Juani unaweza kuishi kwa kubahatisha: bonyeza, kamera imwage picha, moja haikosi kuwa nzuri. Gizani lazima uujue mchezo. Wavu wa wanawake una kimo cha mita 2.24. Anayeruka kuushambulia hupanda, kisha, kabla ya kushuka, mwili wake hutulia hewani kitambo kidogo mno: mkono umevutwa nyuma, kiwiko kiko juu ya sikio, macho yameung'ang'ania mpira. Hapo hata 1/250 inatosha. Ukichelewa kidogo tu, ameshapiga. Kwa hiyo mpiga picha mzuri hamtazami mpigaji kwanza. Hutazama vidole vya anayempandishia mpira, maana ndivyo vinavyotangulia kusema mpira unakwenda upande gani. (Mpandishaji hodari huvificha makusudi, akawadanganya wazuiaji na sisi kwa pamoja.)

Taa zenyewe zina vituko. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa nyingi za zamani hung'aa na kufifia mara 100 kila sekunde. Ukipiga kwa 1/1000 unakamata kipande tu cha mpigo huo: picha moja inang'aa, inayofuata imepooza, ya tatu ina rangi ya kijani usoni.

Wenye fedha walikwenda na mwanga wao. Mei 1965, mjini Lewiston, Maine, Neil Leifer, kijana wa miaka 22, alimpiga picha bondia Muhammad Ali akiwa amesimama juu ya mpinzani wake, Sonny Liston, kwa flashi kubwa zilizofungwa juu ya ulingo. Wengi huzisifu taa zile. Mimi naisifu subira yake: kila baada ya picha flashi zilihitaji muda wa kujichaji, kwa hiyo hakuweza kumimina picha. Ilibidi achague.

Kuhusu chenga, zile punje zinazojaa pichani ISO ikipandishwa, wahariri hunung'unika bure. Picha yenye chenga, lakini kiwiko, mpira na macho viko mahali pake, naichukua kabla ya ile safi iliyopigwa mchezaji akiwa ameshatua.

Tena kuna zawadi isiyodai kasi yoyote. Pointi ikiisha, wachezaji sita hukusanyika katikati ya uwanja, wakashikana mabega, mmoja akamfokea mwenzake huku anacheka. 1/125 inatosha kabisa. Wakati huo wapiga picha wengi wameinamia kioo cha kamera, wanaitafuta smashi waliyoikosa.