Sindano Kwanza, Mota Baadaye

Kuboresha chombo kilicho kizima ni ufundi mgumu kuliko kutengeneza kilichoharibika, kwa sababu chombo kibovu chenyewe humwonyesha fundi mahali pa kuanzia, ilhali kizima humwachia aamue kipi kiguswe, kipi kiachwe, na fedha chache zilizopo ziende wapi. Katika mtaa wa Nguba, komuni ya Ibanda, mjini Bukavu, kati ya maji ya Ziwa Kivu na njia inayoteremka kuelekea mpaka wa Ruzizi, ufundi huo huonekana vizuri zaidi kwenye cherehani ya kukanyaga, ile mashini nyeusi ya chuma cha kusubu iliyowekwa juu ya meza ya mbao na kuendeshwa kwa mkanda wa ngozi unaotoka kwenye gurudumu kubwa la chini. Mashini hiyo haihitaji kuokolewa na mtu. Imeshashona sare za shule, bluu na nyeupe, za vizazi kadhaa, na ikiachwa kama ilivyo itaendelea kushona. Ndiyo maana kila anayetaka kuiongezea kitu anapaswa kwanza kujieleza.

Umbo lake linatokana na kazi ya karne ya 19. Isaac Singer alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1851, na mojawapo ya aina zilizofuata baadaye, inayojulikana kwa namba 15, ilipendwa kiasi kwamba viwanda vya Japani na vya China viliiga karibu kila kipande chake. Butterfly ya Shanghai, ambayo nembo yake ya kipepeo inafahamika kotekote Afrika Mashariki, ni ya ukoo huo. Kazi yake ni kufunga nyuzi mbili pamoja. Uzi wa juu hushuka na sindano hadi chini ya kitambaa, sindano inapoanza kupanda uzi hulegea na kufanya kitanzi kidogo, kisha ndoana ya chuma inayobembea kuzunguka bobini, yaani kile kigurudumu kilichoviringishwa uzi wa chini, hukidaka kitanzi hicho na kukipitisha juu ya bobini yote, hivyo nyuzi mbili zikakumbatiana katikati ya unene wa kitambaa. Kudakwa huko kwa kitanzi hutokea sindano ikiwa imepanda kama milimita 2 tu kutoka mwisho wa mteremko wake. Ubora wote wa mshono umo ndani ya milimita hizo, na mtu akilielewa jambo hilo ameshaelewa zaidi ya nusu ya ufundi unaosifiwa hapa.

Cherehani na bunduki zilizaliwa katika nyumba moja, ingawa leo hazikai pamoja katika fikra za watu. Husqvarna ya Sweden, iliyoanza mwaka 1689 kama kiwanda cha silaha, iliingia katika cherehani mwaka 1872. Remington ya Marekani, soko la bunduki lilipofifia baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, iligeukia cherehani na taipureta. Hata kanuni ya vipuri vinavyobadilishana, yaani kila kipande kukatwa kwa kipimo kimoja hadi kiweze kuingia katika chombo chochote cha aina yake bila kupigwa tupa, ilikomaa katika karakana za silaha za serikali ya Marekani kabla ya kuhamia kwenye mashini za kushonea nguo. Singer wenyewe walichelewa kuishika kanuni hiyo, na kwa miaka mingi vipande vyao vilisawazishwa kwa mkono kimoja kimoja, jambo linaloshangaza kwa kampuni ambayo jina lake limekuwa karibu sawa na cherehani yenyewe.

Kwa upande wa bunduki, mfano mashuhuri wa uboreshaji wa bei nafuu ni Ruger 10/22, iliyotolewa Marekani mwaka 1964. Ni bunduki nyepesi inayojipakia risasi yenyewe lakini hufyatua moja tu kwa kila mvuto wa kidole, na hutumia risasi ndogo ambayo kemikali yake ya kuwashia baruti imetandazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda badala ya kuwekwa katikati. Mtutu wake hushikwa na skrubu mbili, na mtambo mzima wa kufyatulia hutoka kwa kuchomolewa pini mbili. Kwa hiyo mwenyewe akiwa mezani kwake anaweza kubadilisha springi, au kutoa kipini cha chuma kinachopokea pigo la komeo na kuweka cha plastiki ngumu ili kupunguza kishindo. Jambo la kujifunza hapo ni mpangilio wa matumizi. Watu wengi hukimbilia mtutu mpya wa bei kubwa, ilhali bunduki ya aina hiyo huchagua risasi, na mwenye busara hununua kwanza pakiti chache za viwanda mbalimbali, akaona ipi inapiga mahali pamoja, ndipo afungue mkoba kwa ajili ya kitu kingine. Kivu ya Kusini, jimbo la Bukavu, imeona bunduki za kuitosha, na hapana anayezitamani ziongezeke Nguba; lakini hoja ya kuanzia na kile kinachotumika na kutupwa, kabla ya kile kinachodumu, inahamia kwenye cherehani bila kupungua uzito.

Kile kinachotumika na kutupwa, kwenye cherehani, ni sindano. Ndicho kipande cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho pekee kinachokutanisha kitambaa, uzi na ndoana kwa wakati mmoja, na bado hukaa mahali pake wiki baada ya wiki mpaka kivunjike, kana kwamba kuvunjika ndiyo dalili pekee ya kuchakaa. Namba iliyochongwa kwenye shina lake hueleza unene kwa sehemu za mia za milimita: 70 ni ya hariri na vitambaa vyepesi, 90 inafaa kitenge na pamba ya mashati, 100 au 110 ni ya jinzi na turubai. Mshonaji anayeshona kitenge cha Machi 8, Siku ya Wanawake, ambapo wanawake wa Kongo huvaa sare za vikundi na kila fundi hufurika kazi, kisha akahamia suruali ya jinzi kwa sindano ileile, ataona mshono ukiruka, na mara nyingi ataulaumu uzi, au bobini, au umri wa mashini. Ukweli ni kwamba sindano nyembamba hupinda kidogo inapokutana na pindo nene, ikapita mbali na ndoana kwa unene wa unywele, na zile milimita 2 zikapotea. Sindano butu nayo hujitangaza kwa sauti: badala ya kupenya kimya, hugonga kitambaa kwa mlio mzito unaosikika kabla jicho halijaona kasoro. Ushauri wa kawaida ni kuibadilisha kila baada ya saa nane hivi za kushona, na ingawa hapana mshonaji wa Nguba anayeweza kuutii kikamilifu katika wiki za mwanzo wa Septemba, shule zinapofunguliwa, pakiti moja ya sindano huleta tofauti ambayo mota ya bei mara nyingi zaidi haiwezi kuileta.

Baada ya sindano huja usafi, ambao wengi huunyima jina la uboreshaji kwa kuwa haununuliwi dukani. Chini ya bamba la sindano, yaani kile kibati chenye tundu ambamo sindano hupita, kuna safu za meno zinazopanda na kushuka zikisukuma kitambaa mbele kwa hatua sawa. Kati ya safu hizo hujikusanya vumbi la pamba, ambalo likichanganyika na mafuta hushindiliwa hadi likawa gumu kama sponji iliyokauka, na polepole huyainua meno au huyazuia yasipande kimo chake, kitambaa kikaanza kusuasua na hatua za mshono zikawa fupi kwa ndefu. Fundi hulegeza skrubu mbili, hutoa bamba, huchokonoa kwa brashi ya mswaki mkuukuu, na mashini iliyodhaniwa imezeeka hurudia mwendo wake. Akiwa bado ameshika bamba mkononi, huligeuza na kupitisha uzi au ukucha kwenye ukingo wa tundu lake: mahali sindano zilizopinda zilipogonga kwa miaka pana vijikovu vyenye ncha, na kila kovu hukata nyuzi za uzi moja moja hadi uzi wote ukakatika bila sababu inayoonekana. Kipande cha msasa laini kabisa, kilichokunjwa na kuzungushwa ndani ya tundu kwa subira, huondoa tatizo ambalo wengine wamelilipia bobini mpya, springi mpya na hata mashini mpya. Hiyo ndiyo sehemu ya ufundi huu inayostahili sifa kubwa kuliko zote, kwa kuwa mkono unafanya kazi mahali ambapo jicho halioni vizuri, na kipimo cha mafanikio ni uzi kupita bila kushikwa.

Mafuta yanahitaji maneno machache tu. Yanayofaa ni yale mepesi na meupe ya cherehani, matone mawili matatu katika kila tundu lililowekwa na kiwanda. Mafuta ya kupikia hufanya kazi siku za kwanza, kisha hewa huyageuza kuwa gundi ya rangi ya kahawia inayofunga kila kiungo, na hapo itabidi mafuta ya taa yatumike kuyayeyusha kabla mashini haijazunguka tena. Katika kiangazi cha Bukavu, kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi la barabara huongezeka na gundi hiyo hulipokea kwa mikono miwili.

Taa nayo ni uboreshaji wa bei ndogo usiopewa heshima yake. Kijitaa cha LED chenye sumaku, kinachonata kwenye chuma cha mashini na kutumia betri au kipande kidogo cha sola, humulika mahali sindano inapotua, na kwa mshonaji wa macho ya miaka hamsini kinarefusha siku ya kazi kuliko kitu kingine chochote kinachoweza kununuliwa kwa kiasi hicho.

Mota ndiyo inayotamaniwa zaidi, na ndiyo inayohitaji kufikiriwa kwa makini. Cherehani nyingi za ukoo wa namba 15 zina kituta kidogo chenye tundu la skrubu nyuma ya nguzo yake, kilichowekwa makusudi ili mota ndogo ya umeme ifungwe hapo na kuzungusha gurudumu la mkono kwa mkanda mfupi. Kazi ya kuifunga haichukui muda, na faida yake ni ya kweli: mshono mrefu wa pazia au shuka hukimbia, na mguu hupumzika. Lakini umeme wa Bukavu hukatwa kwa zamu, ingawa maji ya Mto Ruzizi yanayotoka ziwani huzungusha mitambo ya Ruzizi I, iliyoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, umbali mdogo kutoka Nguba. Anayeng'oa kikanyagio na kuuza gurudumu la chini kama chuma chakavu ili mota ipate nafasi ameigeuza mashini isiyomtegemea mtu kuwa mashini inayoisubiri SNEL, shirika la umeme la taifa. Fundi mwenye akili hufunga mota na kuuacha mkanda wa ngozi ukiwa umetundikwa kando, tayari kurudishwa kwenye gurudumu umeme ukikatika katikati ya mkono wa shati. Kigezo cha uboreshaji mwema, basi, ni kama unaweza kurudishwa nyuma siku moja bila hasara, na kwa kigezo hicho mota hufaulu pale tu kikanyagio kinapobaki.

Uzito wa hoja hiyo umeongezeka tangu katikati ya Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafunga milango na fedha taslimu zikawa adimu. Katika hali hiyo mashini mpya ya kiwandani, ya aina ya Juki inayokaribia mishono 5,000 kwa dakika, si jambo la kuzungumzwa na mshonaji wa kawaida. Lililobaki ni kuipatia ya zamani uwezo zaidi kwa vipande vidogo. Hapo ndipo huingia miguu ya kubana kitambaa, yaani vile vibati vinavyokishikilia kitambaa juu ya meno: mwembamba wa upande mmoja kwa ajili ya zipu, wenye kikunjo cha kupinda ukingo wa leso bila kupiga pasi, wenye tabaka la tefloni kwa plastiki na ngozi ambazo hung'ang'ania chuma kitupu. Kila mguu hufungwa kwa skrubu moja, na kila mmoja huongeza aina ya kazi inayoweza kupokelewa mlangoni, jambo ambalo mwendo wa kasi peke yake hauliongezi.

Vipande hivyo vina sifa nyingine ambayo mwenye mashini yake mwenyewe huenda asiitambue. Pale cherehani inapokuwa mali ya tajiri, au ya kikundi, au ya kituo cha mafunzo, mshonaji hana sababu ya kugharamia mota itakayobaki nyuma yake siku atakapoondoka. Lakini pakiti ya sindano, miguu mitatu, bobini zake mwenyewe zisizo na kutu na kijitaa cha sumaku huingia katika kopo la maziwa ya unga, na kesho yake hufungwa kwenye mashini nyingine ya ukoo uleule, iwe Kadutu au Nyawera mjini humohumo, iwe ng'ambo ya daraja la Ruzizi, Kamembe upande wa Rwanda, kwa sababu kipimo cha skrubu ni kilekile.