Aliyenyamaza Jukwaani

Ami yangu alikuwa fundi cherehani Majengo, Mombasa, na katika watu wote niliowaona wakisoma tamthilia hakuna aliyemfikia. Walimu wangu wa fasihi waniwie radhi. Wateja wakipungua baada ya alasiri, alikuwa akiitoa nakala yake ya Kinjeketile, iliyovishwa jalada la gazeti, kisha anamwaga vifungo juu ya meza ya kukatia. Kila mhusika na kifungo chake. Kinjeketile alikuwa kifungo cha koti, kikubwa, cheusi. Kitunda, cha kanzu. Maaskari walikuwa vifungo vya shaba vilivyong'olewa kwenye sare kuukuu. Mtu akiingia, kifungo chake kinasogezwa katikati ya meza. Mabano yakisema anatoka, kinaondolewa.

Faida ya vifungo ilikuwa kwa wale wasiosema. Mhusika akinyamaza kurasa mbili tatu, msomaji mwenye pupa humsahau, kana kwamba kaenda zake. Kifungo hakiendi. Kipo pale pale, na ami alikuwa akikigusa kwa ncha ya kidole na kuuliza, “Na huyu je, haya yote anayasikia?” Swali hilo lilitosha kutukalisha kimya. Na akifika mahali mwandishi alipoweka kimya ndani ya mabano, neno lenyewe hakulitamka. Alinyamaza kweli, mguu umetulia juu ya kanyagio, hata mteja aliyefuata suruali yake akawa hajui aingie au asubiri kibarazani.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliitoa tamthilia hiyo mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwishoni Kinjeketile yuko kifungoni na anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Yasome maneno yake peke yake, utapata hotuba nzuri ya shujaa. Yasome huku ukikumbuka kwamba Kitunda yuko papo hapo, amiri aliyewaongoza watu kuzielekea risasi kwa kuyaamini maji hayo, na hotuba inageuka kuwa jambo gumu zaidi, karibu aibu kulisikiliza.

Penina Muhando naye, katika Nguzo Mama ya mwaka 1982, angemmalizia ami kopo zima la vifungo: Bi Moja, Bi Mbili, hadi Bi Nane, wanawake wa Patata wanaohangaika kuisimamisha nguzo. Wanasema sana, wanagombana sana, na ni rahisi kufuata ugomvi ukaisahau nguzo. Nguzo haina hata neno moja la kusema. Lakini imelala pale, na kila anayetoka kwenda kwenye shughuli zake anaiacha imelala.

Watu husema tamthilia ni ya jukwaa, kuisoma ni kuambulia mabaki. Sikubaliani nao. Kwanza, jukwaa lenyewe liko wapi? Mwalimu Nyerere aliifasiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapishwa 1963 naye ni rais, lakini wengi wetu tulikutana na Brutus kitandani, kwa taa ya chemni. Pili, jukwaani huwezi kurudi nyuma. Katika Mashetani (Hussein tena, 1971), Juma na Kitaru wanaigiza shetani na binadamu chini ya mbuyu, na ukishapita hapo unatamani kurudi uone mchezo uliishia wapi na uadui ukaanzia wapi. Kitabu kinakuruhusu. Ami alirudi mara nyingi, akivirudisha vifungo kimoja kimoja.

Siku hizi tamthilia inasomwa kwa dondoo. Mtoto anapewa mstari mmoja, auweke katika muktadha wake, alama nne: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Si maswali mabaya. Yangeweza kumfikisha mtu mbali kama yangekuwa mwanzo. Lakini majibu yako tayari kwenye mwongozo, na mwongozo ndio unaochakaa mkononi. Tamthilia yenyewe inabaki mpya hadi siku ya mtihani. Wanafunzi niliokutana nao wanaweza kukutajia maudhui ya tamthilia ya Kifo Kisimani kwa mpangilio, tena kwa sauti moja, kama wanaoitikia dua. Waulize nani mwingine alikuwepo neno fulani liliposemwa, wanatazamana. Aliyenyamaza hana alama.

Wachapishaji nao wanajua soko liko wapi. Tamthilia ikiteuliwa, inajaa madukani pamoja na miongozo yake mitatu minne; muhula wake ukiisha, hutaiona tena hata kwa wauza vitabu vya mitumba. Juzi niliingia duka moja la vitabu nikaulizia Arusi, ya Hussein. Kijana wa dukani, mwenye adabu zake zote, akaniuliza, “Ni ya kidato gani, mzee?” Nikamwambia ni ya kusoma. Akanionyesha rafu ya riwaya.