Ufundi wa Kuchagua Mfano

Dhana kuu za baiolojia ya sekondari ni chache. Ukiweka kando majina ya sehemu za ua na mifupa ya kiganja, kinachobaki ni kwamba kiumbe hai hujengwa kwa seli, kwamba sifa hurithiwa kupitia jeni, kwamba mazingira huamua nani aache uzao mwingi na nani aache mchache, kwamba mwili hupigania kubaki katika hali yake, na kwamba nishati na virutubisho hupita kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine. Mwalimu aliyehitimu huyaandika hayo ubaoni kwa kipindi kimoja, na mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri huyarudisha yalivyo siku ya mtihani. Lakini kuyarudisha si kuyaelewa. Dhana haishikiki wala haionekani. Kinachoonekana ni mtoto fulani anayeumwa viungo, kipande fulani cha malisho kilichofungwa, karai la mchenjuaji wa dhahabu. Kazi ya kuivusha akili kutoka huku hadi kule ni ufundi kamili wenye kanuni zake, na sehemu yake ngumu kuliko zote ni kuchagua mfano. Ufundi huu hausifiwi inavyostahili kwa sababu ukifanywa vizuri hauachi alama: mwanafunzi huondoka akidhani jambo lenyewe lilikuwa rahisi tangu mwanzo.

Vitabu vina mifano yake ya kudumu. Urithi hufundishwa kwa njegere za Mendel, uteuzi asilia kwa nondo weusi waliozidi kuwa wengi karibu na Manchester enzi za moshi wa viwanda, mabadiliko ya viumbe kwa ndege wa visiwa vya Galapagos. Ni mifano ya kweli iliyopimwa, sina ugomvi nayo. Ila mwanafunzi wa shule ya kata huko Msalala au Ushetu, mkoani Shinyanga, analazimika kuamini masizi ambayo hajayaona, juu ya miti ambayo hajaiona, yakimficha nondo ambaye hajamwona, ndipo aelewe jambo la nne ambalo halionekani popote. Anachokariri hapo ni kisa, dhana imempita. Fundi wa kweli hutafuta mfano kama mkulima anavyotafuta mti wa mpini wa jembe: haangalii uzuri wa gome bali kama utabeba mapigo. Mfano unaobeba ni ule ambao utaratibu mzima wa dhana umo ndani yake bila kupunjwa, ambao mwanafunzi anaweza kuukagua kwa macho au kwa hesabu yake mwenyewe, na ambao, hili ndilo husahaulika, una uwezo wa kumpinga mwalimu.

Chukua uteuzi asilia. Mfano wake bora duniani, kwa maoni yangu, umetoka Afrika Mashariki, na bado mara nyingi hupitiwa kwa sentensi moja. Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alifuatana mwaka 1949 na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akawa anapima damu za watu wa jamii mbalimbali. Aliona kwamba wabebaji wa jeni ya sikoseli walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache sana nyanda za juu. Hilo lilikuwa fumbo. Mtoto aliyeirithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili, zama hizo, mara nyingi alikufa kabla ya kuwa mtu mzima, kwa hiyo jeni yenyewe ilipaswa kupungua kizazi hata kizazi. Mbona ilikuwa imejaa? Ramani ilikuwa na jibu: palipokuwa na wabebaji wengi ndipo palipokuwa na malaria nyingi. Mwaka 1954 Allison alichapisha vipimo vya watoto 290 wa Kiganda. Kati ya wabebaji 43, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 12. Kati ya wasio wabebaji 247, walikuwa 113. Mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Nne anaweza kugawa na kupata asilimia 28 upande mmoja na 46 upande wa pili. (Katika kazi hiyohiyo aliwaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima 30 wa Kijaluo waliojitolea, nusu yao wabebaji, leo jaribio la namna hiyo lisingepita bila maswali makali, na mwalimu asiogope kulisema darasani.)

Ndani ya namba hizo chache mna kila kitu ambacho dhana inadai: tofauti ya kurithiwa, mazingira yanayoua bila usawa, na athari katika kizazi kinachofuata. Mna pia jambo ambalo nondo wa Manchester halionyeshi kwa urahisi, yaani kwamba jeni haina wema wala ubaya wa kuzaliwa nao. Nakala moja hukinga, nakala mbili huumiza. Ipeleke mahali pasipo malaria, faida hutoweka na hasara hubaki. Mwanafunzi wa Kahama hulala chini ya chandarua na huenda anamfahamu mtu anayehudhuria kliniki ya sikoseli. Kwake uteuzi asilia haukuishia kwa viumbe wa kale. Unaendelea mtaani kwao, katika damu za watu anaowasalimia asubuhi.

Na hapo ndipo linapozuka pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote: mfano ulio karibu unaweza kuumiza. Katika darasa la Kanda ya Ziwa si salama kudhani kwamba hakuna mwenye sikoseli, wala aliyemzika ndugu kwa ajili yake. Mwalimu akianza na picha ya mtoto mwenye macho ya manjano, darasa zima litageuza shingo kumtazama mmoja wao. Pingamizi ni la haki, na linadai ufundi zaidi kuliko kukimbilia nondo. Anayeijua kazi huanza na wabebaji, ambao ni wazima na ni wengi kuliko wagonjwa. Hugawa namba za Allison badala ya kuwatuma wanafunzi wakakusanye habari za damu za nyumbani kwao, maana hesabu ya urithi ikifanywa kwa makundi ya damu ya familia inaweza kufichua siri za uzazi ambazo darasa halina haki nazo. Kisha hutumia muda wake mwingi kwenye makosa mawili yanayotesa familia. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba wazazi wawili wabebaji wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa huhesabiwa upya kwa kila mimba, na sarafu mbili zikirushwa mezani mara nyingi za kutosha zitalionyesha hilo vizuri kuliko maelezo yoyote. Kosa la pili ni lawama inayomwangukia mama peke yake, wakati ugonjwa hauji bila nakala kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwanafunzi aliyekuwa anaogopa kutajwa anatoka kipindi hicho akiwa na hoja ya kuwaambia watu wa nyumbani kwake.

Ikolojia inahitaji mfano wa aina nyingine, wenye miaka mingi ndani yake, na kwa hilo Shinyanga ni tajiri mno. Miaka ya 1920 mbung'o, ambao huku wengi huwaita ndorobo, walikuwa wameyateka malisho. C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alishirikiana na watemi, na Wasukuma kwa wingi wakatoka kufyeka vichaka. Alichapisha habari za jaribio hilo mwaka 1925, na baadaye Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o. Sababu ya kufyeka kufaulu ni somo zima la baiolojia. Mbung'o hatagi mayai kwa mamia kama nzi wa jalalani. Jike hulea buu mmoja kwa wakati ndani ya mwili wake, kisha humzaa akiwa tayari kujichimbia kwenye udongo wa kivulini na kuwa pupa. Mdudu anayezaa polepole kiasi hicho huangushwa na ongezeko dogo tu la vifo. Ondoa kivuli, na jua litakufanyia sehemu kubwa ya kazi.

Lakini kufyeka hakukukoma. Ng'ombe waliongezeka, mashamba ya pamba yakapanuka, kuni zikakatwa, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawatenga watu na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki uchi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioweka nguvu zake za mwanzo kwenye vitalu vya miche. Dawa yenye nguvu zaidi ilikuwa tayari mikononi mwa wafugaji: ngitili, eneo linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi na vichaka vikue, na kufunguliwa kipande kwa kipande kiangazi kinapokaza. Ngitili zilizoorodheshwa mwaka 1986 zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalizidi hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Equator. Sehemu kubwa ya uoto huo haikupandwa na mtu. Visiki vilikuwa hai chini ya ardhi, mbegu zilikuwa zimelala kwenye udongo, na kilichohitajika ni kuvizuia vinywa vya mifugo kwa muda. Hiyo ndiyo dhana ya mfuatano wa uoto ikiwa wazi, tena kwa shule isiyo na maabara: vijiti vinne na kamba vinatosha kutengeneza kwadrati ya mita moja, na wanafunzi wakihesabu aina za mimea ndani ya ngitili na nje yake, daftari zao zitakuwa na data ambazo hakuna kitabu kinachoweza kuwapa.

Ninaupenda mfano huu kwa sababu moja zaidi. Kichaka kilichokuwa adui miaka ya 1920 kilikuja kuwa hazina miaka sitini baadaye, na pande zote mbili zilikuwa na akili timamu. Thamani ya kichaka haimo ndani ya kichaka. Imo katika uhusiano wake na mdudu, ng'ombe, nyasi na msimu. Mwanafunzi akinyoosha mkono na kuuliza kama ngitili hazitawarudisha ndorobo, kipindi kimefanikiwa, hata kama mwalimu hana jibu la papo kwa papo. Watalazimika kuulizana ni mbung'o wa aina gani, anapata damu ya mnyama gani, na kipande cha kichaka kinapaswa kuwa kikubwa kiasi gani ili kumtunza. Hiyo ni ikolojia halisi.

Wapo watakaosema Baraza la Mitihani halitungi swali la ngitili, madarasa yamejaa na vipindi havitoshi. Ni kweli, na ndiyo maana sidai mifano kumi. Nadai mmoja kwa kila dhana, uliochaguliwa kwa makini, halafu ya kitabuni ifuate. Aliyeelewa sikoseli humaliza nondo kwa dakika tano. Aliyekariri nondo haendi popote. Wala hofu ya kumfungia mtoto ndani ya wilaya yake haina uzito. Jeni ya sikoseli ipo Oman, India, Ugiriki na Marekani, na anayeifuata kuanzia Kahama atazifikia nchi hizo zote.

Kinachompima fundi kuliko vyote ni zebaki. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama kila mtu ana kisa chake tayari: wachimbaji wadogo humwaga zebaki mwaloni wanakochenjulia dhahabu, mvua huipeleka ziwani, dagaa huinywa, sangara humla dagaa, mtu humla sangara na kuugua. Ni mnyororo wa chakula kamili, na ulishatokea Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mwalimu mvivu atauchora ubaoni na kupigiwa makofi. Lakini Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi wa Japani walipopima katika ukanda huu, wakachapisha mwaka 1996, samaki wa Ziwa Victoria walikuwa na zebaki kidogo. Zebaki nyingi ilikuwa karibu na machimbo. Masazumi Harada, daktari aliyewahudumia wagonjwa wa Minamata kwa miaka mingi, alichapisha na wenzake mwaka 1999 vipimo vya nywele za watu wa huku, na baadhi ya viwango vya juu vilihusishwa na sabuni za kung'arisha ngozi.

Mwalimu anayekubali kupingwa na ushahidi huo hupata somo kubwa kuliko lile alilolipanga. Zebaki ya metali ikimezwa, utumbo huiruhusu ipite kwa kiasi kidogo mno. Ikichomwa juu ya karai, mapafu hunyonya takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa, kwa sababu vijifuko vya hewa vina kuta nyembamba na eneo pana. Ni mpaka bakteria wa topeni waigeuze kuwa methilizebaki ndipo utumbo unapoinyonya karibu yote na mnyororo wa chakula unapoanza kuilimbikiza, na mageuzi hayo hayatokei kila mahali wala kwa kasi moja. Kuanzia hapo mwalimu anaweza kutunga swali lake mwenyewe la jaribio. Mmoja anachoma dhahabu nyumbani, jirani yake anakula kambale wa kijito kilicho chini ya machimbo, na dada wa mjini anatumia sabuni yenye zebaki: eleza zebaki inaingia mwilini kwa njia gani kwa kila mmoja, kwa umbo lipi, na kwa nini wa tatu apimwe figo wakati wawili wa kwanza wanachunguzwa kwanza mishipa ya fahamu.