Linachezeka Wawili?

Kwenye vibanda vya gemu vya Tarime mjini, gemu jipya la magari likifika hakuna anayeuliza kwanza habari za picha. Swali ni: "Kaka, linachezeka wawili?" Benchi moja, pedi mbili, televisheni moja, na dakika zinalipiwa. Gemu la mtu mmoja linawaacha wengine wakitazama kisogo cha mwenzao.

Mapitio mengi ninayosoma hayajibu swali hilo. Yanaanza na mng'ao wa bati la gari na kumalizia na nane juu ya kumi. Nane ya nani? Aliyechezea usukani na pedali, intaneti haikatiki, anapima kitu tofauti na anayeshika pedi ambayo kijiti chake kimelegea. Alama zake ziwe zozote, aseme tu alichezea nini na kwa saa ngapi.

Chukua Gran Turismo 7. Lilitoka Machi 2022, likasifiwa sana kwa jinsi unavyouhisi uzito wa gari kwenye kona, na linastahili. Skrini inagawanyika pia, wawili wanakimbizana. Lakini sehemu kubwa ya gemu hilo inadai intaneti hata ukicheza peke yako. Wiki mbili baada ya kutoka, seva zilizimwa kwa matengenezo yaliyozidi saa 30, na mwenye diski yake halali akabaki na kidogo sana cha kucheza. Kwa anayeishi kwa bando la siku pale Mugumu, sharti la intaneti lilipaswa kuandikwa aya ya kwanza, seva zikiwa bado nzima. (Wahakiki waliorudi baadaye kuandika upya nawaheshimu kuliko waliowahi.)

Kuna na suala la kuijua barabara. WRC 9, la 2020, liliiweka Safari Rally ya Kenya kabla mashindano yenyewe hayajarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha. Ni mashindano yetu pia: yalipoanza 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Sasa mtu akiniandikia kwamba "mandhari ya Kiafrika inavutia", amenipa kadi ya posta. Aliyewahi kukaa nyuma ya lori kwenye vumbi la njia ya Nyamongo kwenda Mugumu ana maswali mengine. Vumbi la aliyetangulia linaning'inia, au linapotea kama moshi wa sigara? Mvua ikinyesha, breki zinachelewa? Jiwe likigonga tairi, usukani unavuta upande? Hapo ndipo gemu linapofaulu au kufeli, na picha tuli haiwezi kuonyesha.

Mwenye kibanda akiniuliza anunue lipi, ana hela ya diski moja mpaka Desemba. Namjibu kwa mpangilio huu: linachezeka wawili, linawaka bila bando, linavumilia pedi mbovu. Picha tunazizungumza mwisho, muda ukibaki.