Heko Mnazi, Heko Mkwezi

Ukipita Korogwe utauona mkonge umejipanga safu kwa safu. Mimi, huko na Handeni pia, macho yangu hutafuta mnazi. Kuti lake likisukwa huezeka nyumba, njiti zikifungwa ni fagio la chelewa, na kifuu kikitiwa mpini huwa upawa. Lakini uzuri wote uko jikoni jioni: mama ameketi juu ya mbuzi, nazi inakunwa, inaanguka nyeupe kwenye sinia, kisha kifumbu kinakamuliwa na tui zito linamiminika juu ya mchicha. Hongera zangu kubwa ni za mkwezi, akweaye bila ngazi, panga kiunoni. Ukienda sokoni, ndugu yangu, usimlalie muuza nazi.