Meza ya Mvule na Mipaka ya Filla

Ubora wa kiraka cha filla huamuliwa kabla kopo halijafunguliwa. Nasema hivyo kwa sababu ya meza ya kulia chakula ya mvule iliyotengenezwa upya katika karakana moja ya Keko, Dar es Salaam. Juu yake palikuwa na bonde lililoachwa na kitu kizito kilichoanguka, ufa mrefu kuanzia ncha moja, pembe iliyomeguka, na matundu ya skrubu za zamani. Mwenye meza alitaka vyote vijazwe. Fundi alijaza viwili tu, na hapo ndipo ustadi wake ulipoonekana.

Bonde halikuhitaji filla. Mbao ikigongwa bila kukatika, nyuzi zake hubanwa tu, hakuna kilichopungua. Fundi alikwangua vanishi mahali pale, maana maji hayapenyi vanishi, akalaza kitambaa cha pamba kilicholowa na kukigusisha pasi ya moto kwa muda mfupi mfupi. Mvuke uliingia, nyuzi zikavimba na kurudi karibu na usawa wake. Kujaza bonde la namna hiyo ni kufunika mbao nzima kwa kitu kisichokuwa mbao.

Ufa ndio uliostahili kufikiriwa zaidi. Mbao huvuta unyevu na kuutoa, na ikifanya hivyo hubadilika upana, si urefu. Kutoka ubichi hadi kukauka kabisa, mbao nyingi husinyaa kati ya asilimia 5 na 10 kufuata duara za ukuaji, lakini kwa urefu ni takribani asilimia 0.1 hadi 0.2 tu. Ubao uliokauka nao huendelea kucheza kidogo kila majira. Chini ya meza hii palikuwa na mbao za kukingama zilizokazwa kwa skrubu pande zote mbili, hivyo uso wa meza ulipotaka kusinyaa wakati wa kiangazi haukuwa na nafasi, ukapasuka. Filla iliyokauka ndani ya ufa huo ingegeuka kabari: masika mbao ingevimba na kuisukuma, kiangazi ingesinyaa na kuiachia. Fundi alilegeza skrubu na kurefusha matundu yake kwa keekee ili uso upate kusogea. Baada ya hapo akachonga ukanda mwembamba wa mvule, nyuzi zake zikielekea upande uleule, akautia gundi ndani ya ufa na kuubana kwa klampu mpaka ukauke. Kuondoa sababu ya ufa kulichukua muda mrefu kuliko kuuziba, na ndivyo inavyopasa.

Filla ilianza kazi kwenye pembe. Pembe hugongwa na viti, kwa hiyo filla ya maji, ambayo hukauka kwa maji kutoka na hivyo husinyaa, isingedumu. Alichagua ile ya kuchanganya na hadina, ambayo hukakamaa kwa mabadiliko ya kikemikali na husinyaa kidogo sana. Kabla ya kuipaka alifuta vumbi lote, akaukwaruza mmeguko na kutoboa vitundu vidogo ili filla ipate pa kushika. Juu ya uso laini au wenye mabaki ya vanishi hubanduka hata ikiwa ya bei ghali. Aliijaza ikapanda kidogo juu ya usawa wa mbao, kisha akaishusha kwa tupa na msasa uliofungwa kwenye kipande cha mbao. Msasa ukishikwa kwa vidole vitupu huchimba mbao iliyo laini na kuacha kiraka kimeinuka. Alianza na namba 120, akaenda 180, akamaliza na 220, akifuata mkondo wa nyuzi.

Matundu ya skrubu aliyajaza kwa vumbi laini la mvule uleule na gundi nyeupe. Njia hii inapendwa kwa kuwa ni rahisi na haina gharama, lakini huwadanganya wengi: wanadhani vumbi la mbao ileile litatoa rangi ileile. Gundi huzuia mchanganyiko kunywa rangi kama mbao inavyokunywa, na mara nyingi kiraka hutoka cheusi kuliko jirani yake. Kwa hiyo alijaribu kwanza chini ya meza, akapaka vanishi juu ya jaribio, akalisubiri likauke. Rangi ya kiraka kikavu kisicho na vanishi haikuambii chochote.

Mvule una tatizo jingine la rangi. Ukikatwa huwa wa manjano, na mwanga huusogeza polepole kuelekea kahawia. Kiraka hakifuati safari hiyo. Fundi alilinganisha rangi na sehemu za meza zilizokwisha kukomaa, si na mbao aliyoifungua kwa msasa siku hiyo, akachora mistari ya nyuzi juu ya pembe kwa brashi nyembamba kabla ya vanishi ya mwisho. Huo ndio uamuzi ninaousifu kuliko yote aliyofanya, maana alitengeneza meza ya miaka ijayo.

Jambo moja halikufanywa vizuri: msasa ulipigwa ndani, bila barakoa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kusumbua njia ya hewa, na filla ya hadina hutoa mvuke mkali. Kazi hii ifanyike mahali penye hewa, na pua zifunikwe.

Kama unapeleka samani kwa fundi, muulize kwanza kilichosababisha jeraha, kisha umtake akuonyeshe jaribio la rangi likiwa limepakwa vanishi na kukauka. Akikataa yote mawili, tafuta fundi mwingine.